Kasiksi ya Usiku Mmoja



Katika mkutano wetu wa mwisho wa mwezi, kijana mmoja aliuliza iwapo Mkristo anaweza kutengeneza pombe nyumbani kwake, akaiuza kwa jirani zake, kisha Dominika akasogea kupokea Komunyo bila aibu. Wengi walicheka. Mimi sikucheka. Nililishwa, nikavishwa na kusomeshwa kwa kasiksi ya Mama, na ni kwa kasiksi hiyohiyo nilipata kumkosea mtu ambaye hakuwa amenitendea ubaya wowote. Siku ile nilimjibu ndugu yetu kwa maneno machache tu, kwa sababu wakati ulikuwa umekwisha na kwa sababu niliona haya. Leo nimeona vema nimjibu kwa kirefu, nanyi nyote msikie.

Nilizaliwa juu ya kilima kimoja cha Kabare, mahali ambapo asubuhi ukungu ukiondoka unaliona ziwa Kivu limelala chini kama sahani ya bati. Baba alifariki nikiwa na umri wa miaka 9, akamwachia Mama watoto watano na shamba la migomba nyuma ya nyumba. Migomba ile haikuwa ya kupika. Ilikuwa ya pombe, ile ambayo ndizi zake mbichi zina ukakasi mkali, lakini zikiiva hutoa maji matamu kama asali. Katika Bushi, shamba kama lile ni benki ya mjane. Mama hakuwa na mshahara wala duka; alikuwa na migomba, chombo kirefu cha mti kilichochongwa kama mtumbwi, bidoni nne, na mikono miwili.

Kila baada ya majuma mawili alitengeneza kasiksi, wala hakubadili utaratibu wake hata mara moja. Kwanza tulikata mikungu iliyokomaa, ikiwa bado ya kijani. Tulichimba shimo, tukalitandika majani makavu ya mgomba, tukawasha moto mdogo kulipasha joto, kisha tukaipanga mikungu ndani, tukaifunika kwa majani na udongo. Ilikaa humo siku tano. Siku ya sita Mama alifukua pembeni kidogo, akatoa ndizi moja, akaimenya na kuionja. Kama ilibana ulimi, alilifunika shimo tena bila kusema neno. Sisi watoto tulichukia sana siku hizo za kungoja, kwani zilimaanisha kwamba fedha nazo zingechelewa.

Ndizi zilipoiva sawasawa, tulizimenya na kuzitia katika chombo cha mti pamoja na nyasi ngumu zilizooshwa. Hapo kazi ya nguvu ilianza. Tulizikanda na kuzikamua ndizi kwa zile nyasi mpaka nyama yake ishikane na nyasi na maji yake yajitenge, mekundu kidogo na mazito. Maji hayo ya kwanza ni kinywaji cha watoto na cha mama anayenyonyesha. Hayana kileo hata kidogo. Mama alitutengea kila mmoja kikombe kabla ya kuendelea, na alisema kwamba nyumba inayouza vyote bila kuonja chochote haitabarikiwa. Kisha aliongeza maji safi kwa kipimo, akachuja, akatia unga wa mtama uliokaangwa na kusagwa, akafunika kwa majani ya mgomba na gunia, na kuacha. Kuanzia jioni ile hatukuruhusiwa hata kukisukuma kile chombo. Kililala usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu. Mikungu minne mikubwa, kwa maji aliyoongeza, ilitupatia bidoni mbili, yaani lita 40.

Usiku nilikuwa nikisikia kile chombo kikitoa sauti, kama chungu kilicho juu ya moto mdogo, ingawa hapakuwa na moto wowote chini yake. Nilipomuuliza Mama ni nini kinachochemka, aliniambia, «Inajitengeneza yenyewe. Kazi yetu ni kutoisumbua.» Baadaye, nikiwa sekondari, mwalimu wetu wa biolojia alitusimulia habari za Louis Pasteur, Mfaransa aliyeonyesha katika karne ya 19 kwamba uchachu ni kazi ya viumbe hai visivyoonekana kwa macho, na ambaye mwaka 1876 alichapisha kitabu kizima juu ya bia. Nikaelewa kilichokuwa kikitendeka nyumbani. Chachu iliyomo katika maganda ya ndizi, katika unga wa mtama na katika mti wa kile chombo hula sukari ya ndizi, na kutoka humo hutoa vitu viwili: kileo, na ile hewa inayoleta povu. Ndiyo sababu bidoni iliyofungwa kabisa huvimba na mara nyingine hupasuka. Ndiyo sababu pia kasiksi haiwezi kukaa muda mrefu: zikipita siku chache, viumbe vingine huingia na kukigeuza kileo kuwa siki. Mama hakulijua jina la Pasteur. Alijua tu kwamba ukiharakisha unauza ugonjwa, na ukichelewa unauza siki, na kwamba katikati pana siku mbili au tatu za kinywaji chema.

Kinywaji kile kilikuwa na mahali pake katika maisha yetu. Watu waliokwenda kuposa walibeba kasiksi. Waliokwisha kulima shamba la mzee asiye na nguvu walipokea kasiksi, wakakaa chini na kunywa kwa mrija mmoja mmoja wakizungukia kibuyu kimoja. Matanga yalikuwa na kasiksi, na waliokosana walipopatanishwa na wazee waliletewa kasiksi. Sikumbuki jambo lolote kubwa la kilima chetu lililofungwa kwa chupa ya dukani. Nayo ilikuwa imekwisha kuingia kila mahali, kwani kiwanda cha Bralima kilikuwapo Bukavu tangu siku za wazee wetu.

Lakini Mama alijua pia ubaya wa bidhaa yake, akajiwekea sheria tatu. Hakuandika deni la pombe: asiye na fedha alipewa kata moja ya bure, akaenda zake. Hakuuza baada ya kengele ya jioni ya parokia. Na mwanamke akija kumwambia, «Mama, mume wangu anatuumiza,» basi tangu siku ile mwanamume yule alipewa kata mbili tu, wala hakupata ya tatu hata angelia. Wako waliomtukana kwa ajili ya sheria hizo. Wako waliohamia kwa wauzaji wengine. Mama alisema, «Waende. Mimi nauza kinywaji, siuzi watu.»

Nilipomaliza sekondari na kupata cheti cha taifa, nilitaka kuendelea na chuo kikuu huko Bukavu. Nilikuwa mmoja wa viongozi wa vijana wa parokia, nilisoma masomo katika Misa, na niseme ukweli, nilianza kuionea haya harufu ya nyumba yetu. Nilipopita na wenzangu karibu na pale watu walipokaa na vibuyu vyao, niligeuza uso. Wakati huohuo nilikuwa nikiingoja fedha ya kibuyu kile ili niandikishwe chuoni.

Ndipo ugonjwa wa migomba ukafika kilimani kwetu. Wengi wenu mmeuona: majani yananyauka na kuwa ya njano kama yamemwagiwa maji ya moto, ndizi zinaiva kabla ya wakati wake, hii ndiyo na hii siyo, na ukikata moja unakuta ndani pana madoa ya kahawia na harufu ya kuoza. Ukikata shina, linatoa utomvu wa njano. Ni bakteria iletayo hayo, na huenezwa na wadudu wanaotembelea maua, na zaidi huenezwa na sisi wenyewe, tunapokata mgomba mgonjwa kisha tukaenda na panga lilelile kwenye mgomba mzima. Wakati ule hatukulijua hilo. Kila tulipojaribu kuliokoa shamba tuliliambukiza zaidi. Katika mwaka mmoja tulipoteza zaidi ya nusu ya migomba yetu, na mahali palipokuwa na mikungu minne pakawa na mmoja.

Katika siku hizo hizo mama yangu mdogo aliugua huko Walungu, na Mama akaenda kumuuguza. Alikaa huko majuma matatu. Aliniachia nyumba, wadogo zangu na chombo cha mti, akaniambia, «Ukipata ndizi, tengeneza. Usipopata, acha. Tutaona nikirudi.»

Sikuacha. Muda wa kujiandikisha chuoni ulikuwa unakaribia mwisho. Nilichukua mkungu mmoja, ambao ulikuwa haujaiva vizuri, nikaukamua, nikaongeza maji mengi kuliko Mama alivyopata kuongeza, nikatia kilo za sukari na hamira ya kuokea mikate niliyonunua mjini. Sikutia mtama. Nilifunika jioni, na kulipopambazuka povu lilikuwa limepanda mpaka kwenye ukingo. Kilionekana kama kasiksi, na kililevya haraka kuliko kasiksi. Nilianza kuuza mchana uleule, kinywaji kingali kinachemka. Watu walilalamika kwamba matumbo yao yanaunguruma, lakini bei yangu ilikuwa ndogo na siku zilikuwa ngumu, nao wakarudi. Nilifungua daftari la madeni. Niliuza hata baada ya kengele ya jioni. Kila sheria ya Mama niliivunja, na kila moja niliivunja kwa sababu niliyoiona kuwa njema: nilitaka kusoma.

Kulikuwa na baba mmoja wa korali yetu, mwenye sauti nzito iliyoyafanya madirisha ya kanisa yatetemeke. Mke wake alikuwa amekwisha kuja kwa Mama miaka miwili kabla, na tangu hapo Mama alimpa kata mbili tu, naye alikubali kwa heshima. Jioni ya kwanza alipokunywa kata zake mbili, alinitazama akangoja. Nami nikamjazia ya tatu. Hakuniomba; mimi ndimi niliyejaza. Alisema, «Kijana, wewe unaelewa mambo.» Tangu siku ile alikuja kila jioni, na nilipoona hana fedha niliandika jina lake katika daftari.

Mwishoni mwa juma la tatu nilimwambia kwamba naenda mjini kujiandikisha, na kwamba wenye madeni walipe. Alirudi baada ya saa moja na bahasha. Alizihesabu noti mbele yangu polepole, na mikono yake ilitetemeka. Juu ya bahasha ile paliandikwa kwa kalamu jina la binti yake na jina la shule yake. Alikuwa mwaka wa sita, katika kundi letu la vijana, naye alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa taifa.

Niliyasoma majina yale. Ndugu zangu, ningeweza kuwaambia kwamba sikuona, au kwamba kulikuwa na giza. Niliona. Nilielewa fedha zile ni za nini. Nikazipokea, nikachora mstari juu ya jina lake katika daftari, nikamwambia, «Asante, Papa.»

Siku mbili baadaye binti yule alikuja nyumbani kwetu. Hakulia wala hakupaza sauti. Alisimama mlangoni akasema, «Kaka, samahani. Nimekuja kuuliza, Papa alilipa kiasi gani hapa?» Nilimtajia nusu ya fedha zile. Alitikisa kichwa kama mtu anayepiga hesabu, akanishukuru, akaondoka. Alinishukuru! Jumamosi ile hakuja kwenye mkutano wa vijana. Mimi ndiye niliyeongoza sala ya ufunguzi.

Mama alirudi Jumatatu. Kabla ya kukaa alikwenda nyuma ya nyumba, akafunua chombo cha mti, akachovya kidole katika masalio na kuonja. Akatema. Aliuliza, «Hii ililala usiku ngapi?» Nikasema, «Mmoja.» Akaingia ndani, akaliona daftari juu ya meza. Mama alisoma kwa shida, lakini majina ya jirani zake aliyajua. Alifuata mstari mmoja mmoja kwa kidole mpaka alipofika kwenye jina la yule baba wa korali, akaniuliza alilipa kwa fedha gani. Nikamweleza yote, na habari ya bahasha, na ile nusu niliyomdanganya binti.

Hakunipiga. Ningefurahi kama angenipiga. Aliniamuru nibebe bidoni mbili zilizokuwa zimejaa bado, nikazimwaga katika shimo la mbolea, lita 40, wakati jirani wakitazama. Kisha alichukua fedha zote nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya chuo, akavaa kitenge chake cha Misa, akaniambia nimfuate.

Katika nyumba ile Mama alizungumza mbele ya baba, mama na binti. Alisema, «Mwanangu amewauzia kitu kibovu kwa jina langu. Amemnywesha Papa kupita kipimo tulichoahidiana, na amepokea fedha za mtoto huku anajua. Nimekuja kuomba msamaha, na yeye ataomba kwa kinywa chake.» Nikaomba. Yule baba aliinama akafunika uso kwa mikono, na kumtazama akiwa hivyo kulikuwa kugumu kuliko maneno yangu yote. Fedha zikawekwa mezani.

Kesho yake binti alikwenda shuleni na mama yake. Orodha ya watakaofanya mtihani ilikuwa imekwisha kufungwa na kupelekwa. Fedha zilirudi, lakini mwaka haukurudi. Binti yule alikaa mwaka mzima akiuza mboga sokoni na mama yake, wakati wenzake wakiendelea. Mimi nami sikwenda chuoni mwaka ule. Lakini mimi nilivuna nilichopanda, naye hakuwa amepanda chochote.

Mwaka ule niliutumia shambani. Mtaalamu wa kilimo alipita kilimani, akatufundisha kukata shina lililougua lenyewe peke yake mara tunapoliona, kupitisha panga katika moto kabla ya kugusa mgomba mwingine, na kuondoa kwa mti wenye panda lile ua jekundu linaloning'inia mwishoni mwa mkungu, mara ndizi za mwisho zinapotokea, ili wadudu wasiingize ugonjwa. Ilikuwa kazi ya kila siku, isiyo na utukufu. Shamba lilipona polepole, ingawa halikurudi kama zamani. Nilijifunza pia kutengeneza kasiksi, safari hii kwa utaratibu wa Mama: shimo siku tano, chombo usiku tatu. Nilijifunza kuonja ndizi na kulifunika shimo tena bila kusema neno.

Tangu wakati ule nimeisoma kwa namna nyingine habari ya arusi ya Kana katika Injili ya Yohane. Tumezoea kuitaja ili kuonyesha kwamba Bwana wetu hakuona haya kuwa mahali watu wanapokunywa, na hilo ni kweli. Kulikuwa na mitungi sita ya mawe, kila mmoja wa vipimo viwili au vitatu. Ni divai nyingi mno kwa arusi ya kijijini. Lakini angalieni anayosema mkuu wa karamu. Anasema kwamba desturi ya watu ni kutoa kwanza iliyo njema, na wageni wakisha kulewa, ndipo huleta iliyo hafifu, kwa kuwa hawatatambua tena. Hiyo ndiyo biashara yangu ya majuma matatu. Nilitegemea kwamba aliyelewa hatambui anachokunywa, wala hatambui bahasha anayoifungua. Kristo alitenda kinyume: aliwapa walio wa mwisho kilicho bora, na watumishi waliojaza maji ndio waliojua kilikotoka.

Kanisa halijamkataza mtu kuchachusha tunda la shamba. Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 40 ya Kanuni yake, aliwaruhusu wamonaki wake kipimo kimoja cha divai kwa siku, huku akiwasifu wanaoweza kujinyima. Wamonaki Watrapisti wa Ubelgiji, kama wale wa Westmalle na wa Orval, hutengeneza bia ndani ya kuta za monasteri, na hupata kutoka humo riziki yao na msaada kwa maskini. Lakini Katekisimu, katika namba 2290, inatufundisha kwamba fadhila ya kiasi hutuepusha na kila kupita kipimo, katika chakula, kileo, tumbako na dawa. Mara nyingi tunamhubiri kiasi yule anayekunywa. Mimi nimejifunza kwamba kiasi kinamhusu kwanza anayejaza kata. Anayekunywa, akili yake inapungua kwa kila kata. Anayejaza, akili yake iko timamu. Basi nani aliye na deni kubwa zaidi?

Naandika haya kwa sababu majaribu ya leo ni makubwa kuliko yangu. Katika vilima vyetu wako wanaoichukua pombe ya ndizi au ya mahindi, wakaichemsha na kuutonesha mvuke wake, wakapata kanyanga. Ndugu zetu wa Katanga na Maniema huiita lutuku. Moto hauongezi wema wa kinywaji, unakusanya ukali wake. Mtengenezaji asiyejua anakusanya pia sumu, na mwenye tamaa anaongeza spiriti ya viwandani ambayo haikukusudiwa kunywewa. Aina moja ya spiriti hiyo, methanoli, huharibu macho na huua kwa kiasi kidogo, nayo haina ladha ya kumwonya mtu. Yeyote kati yenu anayeshawishiwa kubeba bidoni hizo mpaka mjini kwa malipo ya siku moja, akumbuke bahasha niliyoipokea.

Wapo pia kati yenu wanaotafuta njia nyingine, nami nawatia moyo. Maji matamu ya ndizi, yale ya kikombe cha watoto, yakichujwa vizuri na kuchemshwa siku ileile ya kukamuliwa, kisha yakatiwa yangali ya moto katika chupa safi na kufungwa, ni kinywaji cha heshima katika arusi, hata kwa asiyekunywa pombe. Dada mmoja wa kundi letu hutengeneza kombucha: huchemsha chai, hutia sukari, huiacha ipoe, kisha huweka ndani yake ule utando mzito uitwao mama ya kombucha. Katika siku 7 mpaka 10 chachu hugeuza sukari kuwa kileo kidogo, na bakteria hukigeuza kileo hicho kuwa uchachu, karibu kama siki laini. Naye ana sheria zake: chombo cha kioo, mikono iliyooshwa, kitambaa safi juu yake, na ukungu ukionekana, vyote vinamwagwa, hata kama wateja wako mlangoni. Nilipomwona akimwaga chupa nzima bila kunung'unika, nilimkumbuka Mama.

Mama amekwisha kulala katika Bwana. Chombo chake cha mti kiko kwangu, nacho nakitumia mara tatu au nne kwa mwaka: kwa Krismasi, kwa Pasaka, na kwa arusi ya mtu wa karibu. Binti yule alifanya mtihani mwaka uliofuata, akafaulu, na leo ni muuguzi. Baba yake alirudi kwenye kata mbili, na baadaye akaacha kabisa. Aliimba mpaka uzee wake. Mimi na huyo dada tulisalimiana kwa miaka mingi kama watu wanaosalimiana kanisani, yaani kwa adabu na haraka.

Miaka michache iliyopita tulikutana katika arusi ya mpwa wangu. Nilikuwa nikigawa kasiksi niliyoitengeneza. Nilipofika mbele yake nilisita, nikataka kumpita. Alinyosha mkono akachukua kata, akaitazama, kisha akanitazama mimi.

«Kaka,» akasema, «hii ililala usiku ngapi?»

«Tatu,» nikamjibu.

Akanusa kwanza, kama mtu mwenye haki ya kuhakikisha. Kisha akanywa.

Kwa ajili ya mazungumzo katika vikundi:

1. Katika kazi au biashara unayoifanya, ni hatua gani unayoiharakisha kwa sababu anayepokea hatatambua? Nani anayelipa gharama ya haraka hiyo?

2. Je, umepata kupokea fedha, zawadi au sifa huku ukijua ilikotoka? Utamrudishia nani, na nani atakwenda nawe?

3. Mama alikuwa na sheria tatu alizojiwekea mwenyewe kabla ya mtu yeyote kumlazimisha. Kikundi chenu kinaweza kujiwekea sheria gani kuhusu vinywaji katika sherehe zenu, nanyi mtazilindaje wakati watu watakapowacheka?